Mgodi Mkubwa Hautajirishi Mkoa

Kila takwimu za pato la mikoa zinapotangazwa, Kanda ya Ziwa husifiwa kwa jambo moja: imekalia dhahabu. Mwanasiasa husema hivyo jukwaani, mtangazaji akarudia redioni, na mwananchi wa Geita, ambaye kisima chake kimekauka, akabaki anajiuliza utajiri huo umepita njia gani bila yeye kuuona. Ana haki ya kuuliza. Imani kwamba mkoa wenye mgodi mkubwa ni mkoa tajiri ni potofu, na inatupotosha tunapopanga maendeleo.

Pato la mkoa hupima thamani ya kilichozalishwa ndani ya mipaka ya mkoa. Halijali mali ni ya nani wala faida imekwenda wapi. Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, miaka 12 kabla Geita haijawa mkoa, na unamilikiwa na AngloGold Ashanti, kampuni ambayo hisa zake zinauzwa New York na Johannesburg. Faida ya mgodi huo inahesabiwa katika pato la Geita, lakini gawio linalipwa kwa wenye hisa, popote walipo.

Basi Geita inabaki na nini? Hasa mishahara ya wanaoishi pale, malipo ya wazabuni wa pale, na ushuru wa huduma. Ushuru huo hauzidi asilimia 0.3 ya mauzo: katika kila shilingi 1,000, halmashauri haipati zaidi ya shilingi 3. Na hata hizo zilipiganiwa, kwani kwa miaka mingi mikataba ya migodi mikubwa ilitaka kila mgodi ulipe dola 200,000 tu kwa mwaka, dhahabu ipande bei isipande. Mwaka 2017 sheria iliongeza mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6. Ni hatua njema, ila fedha hizo huingia Hazina, si Geita.

Sasa tazama Dar es Salaam. Haina dhahabu wala kahawa, lakini ndiyo inayoongoza kwa pato nchini, tena kwa mbali. Inabebwa na biashara, usafirishaji, ujenzi, viwanda na huduma za fedha. Atakayesema Dar ina bandari atakuwa ananiunga mkono. Bandari inatajirisha jiji kwa sababu imeshikamana na maelfu ya shughuli nyingine: malori, mawakala wa forodha, maghala, gereji, mama lishe. Shilingi ikiingia inazunguka mikononi mwa watu kabla haijaondoka.

Mji wa Kahama, mkoani Shinyanga, nao unatoa ushahidi. Mgodi wa Buzwagi, jirani kabisa na mji, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuukomesha mwaka 2021. Walioamini kwamba mji unaishi kwa mgodi walitarajia kilio. Ni kweli walioachishwa kazi waliumia, na wazabuni nao. Lakini Kahama haikufa, kwa kuwa ina soko la mchele, ina barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, na wafanyabiashara wake wana mizizi pale. Mwaka huohuo mgodi uliponyamaza, mji ulikuwa umeshapandishwa hadhi kuwa manispaa.

Sisemi migodi ifungwe. Inaleta fedha za kigeni na kodi ambazo nchi inazihitaji. Ninachokataa ni kulinganisha sekta kwa ukubwa wa thamani peke yake, huku tukikidharau kilimo kinachoajiri Watanzania wengi kuliko sekta nyingine yoyote. Gunia la mpunga likiuzwa, fedha inamfikia mwenye shamba, kibarua, mwenye trekta na mwenye mashine ya kukoboa, wote wakazi wa wilaya moja. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, mkoani Geita, naye akipata, anakwenda kununua bati na saruji Katoro.

Kwa hiyo madiwani wakiletewa takwimu za pato la mkoa, wasipige makofi kwanza. Wadai safu ya pili ya hesabu: katika kila sekta, ni kiasi gani kimelipwa kwa wakazi wa mkoa kama mishahara, zabuni na ushuru? Bajeti ya barabara za vijijini, umwagiliaji na masoko ipangwe kwa kufuata safu hiyo.