KAZI ZA MIKONO: Pete za ufito zisipangwe kwa kukisia

Ukiutazama ufito wa kuvulia samaki utaona pete ndogo ndogo zimepangwa kutoka karibu na mkono hadi nchani. Mshipi hupita humo. Wengi hudhani pete hizo huwekwa popote panapopendeza macho. La hasha! Pete zikikaa vibaya, ufito wa bei ghali huweza kukuvunjikia mikononi siku ile ile uliyompata samaki wa maana.

Wapo watu wanaopenda kujitengenezea fito zao wenyewe, awe ni mvuvi wa trauti katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare au anayevulia baharini kule Malindi. Hununua ufito mtupu, rili, pete, uzi na gundi, wakaviunganisha nyumbani. Kazi yenyewe si ngumu. Inapowashinda wengi ni hapo kwenye pete: ziwe ngapi, na ziachane kwa umbali gani?

Kwanza tuelewe kazi yake. Samaki anapovuta, ufito hupinda lakini mshipi hunyooka kutoka pete moja hadi nyingine. Pete zikiwa chache mno, mshipi hukata kona, na mzigo wote huangukia sehemu mbili tatu badala ya kuenea katika ufito mzima. Zikiwa nyingi mno, ncha huwa nzito na ufito huwa mvivu wakati wa kurusha chambo. Na kwa kuwa ncha ni nyembamba na ndiyo ipindayo zaidi, pete za huko hukaribiana. Kadiri unavyorudi mkononi ndivyo zinavyoachana.

Mafundi wana kanuni rahisi ya kuanzia: pete moja kwa kila futi ya ufito, kisha ongeza moja. Ile iliyo kwenye ncha kabisa haihesabiwi. Kwa hivyo ufito wa futi 7 utahitaji pete 8.

Sasa chukua kalamu na karatasi. Tuseme ufito wako una sentimita 213, yaani futi 7, na rili yako ni ile inayoning'inia chini ya ufito. Rili ya namna hiyo hutoa mshipi ukiwa katika mizunguko mipana, nao huhitaji nafasi ya kutulia. Kwa sababu hiyo pete iliyo karibu na mkono iwe pana kuliko zote, na iwe kiasi cha nusu mita mbele ya rili. Tuseme pete hiyo imeangukia sentimita 122 kutoka nchani.

Katika sentimita hizo 122 kuna nafasi 8 za kugawanya. Nafasi ya kwanza kutoka nchani ipe sentimita 10. Kila inayofuata iizidi iliyotangulia kwa kiasi kile kile. Kiasi gani? Mwanafunzi wa sekondari atatambua mara moja kwamba hii ni hesabu ya mfuatano aliyofunzwa darasani.

Nafasi 8 za sentimita 10 ni 80. Toa 80 katika 122, zinabaki 42. Nafasi ya kwanza haiongezwi kitu, ya pili huongezwa mara 1, ya tatu mara 2, hivyo hivyo hadi ya nane, inayoongezwa mara 7. Ukijumlisha 1 hadi 7 utapata 28. Gawanya 42 kwa 28, jibu ni 1.5. Basi nafasi zako ni 10, 11.5, 13, 14.5, 16, 17.5, 19 na 20.5. Alama za kutia kwenye ufito, ukipima kutoka nchani, ni 10, 21.5, 34.5, 49, 65, 82.5, 101.5 na 122.

Pima kila alama kutoka nchani, wala si kutoka pete hadi pete, ili kosa dogo la rula lisije likajumlishwa mara nane.

Je, tumemaliza? Bado. Hesabu haiujui ufito wako. Fito mbili za urefu mmoja huweza kupinda tofauti kabisa, mmoja ukapinda nchani tu na wa pili ukapinda hadi katikati. Hapa ndipo wengi hukosea, wakakimbilia gundi kwa kuwa namba zimekubaliana.

Usiguse gundi. Zifunge pete kwa utepe wa karatasi kama ule wa wapaka rangi. Pitisha mshipi katika pete zote, kisha ufunge chupa tupu ya plastiki mwishoni. Mwenzako aushike ufito kwa mshazari, asiusimamishe wima, maana ukiwa wima mzigo wote huikimbilia ncha. Tia maji kidogo kidogo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo utajua umebebesha kiasi gani. Usizidishe uwezo wa ufito, na watoto wasimame kando.

Sasa utazame kwa ubavuni. Mshipi unapaswa kuufuata mpindo wa ufito taratibu. Ukiona umepiga kona kali kwenye pete, au umeachana mno na ufito kati ya pete mbili, sogeza pete kwa sentimita moja au mbili, ujaribu tena. Ikiwa kasoro haiondoki, ongeza pete moja na upange upya. Kwa ufito ambao rili na pete hukaa juu, mshipi usiuguse ufito hata kidogo.

Usione uchungu kuziacha namba zako. Zilikusaidia kuanza, lakini wa kuamua ni ufito wenyewe ukiwa umebeba mzigo. Dakika chache za kusogeza utepe ni nafuu kuliko kubandua pete zilizokwisha kugandishwa.

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Na ufito nao ukunje kabla ya gundi.

Jumapili ijayo tutaangalia jinsi ya kuzifunga pete hizo kwa uzi.