Faili Zetu Zilizo Kambini

Atokaye mjini Isiolo kuelekea Archers Post hupitia kwetu Ngaremara. Nyuma yake ameacha chuo cha mafunzo ya askari wa miguu na kambi nyingine za jeshi. Mbele yake, ng'ambo ya mto Ewaso Ng'iro, vipo viwanja ambako majeshi ya Kenya na ya Uingereza yamefanya mazoezi ya silaha kwa miongo mingi. Sisi tu majirani wa jeshi. Ujirani huo una mema yake na mabaya yake, na mengi ya hayo yamekwisha kusemwa katika mabaraza. Leo tunaandika juu ya jambo ambalo halina mlio wala moshi, nalo ni karatasi.

Jeshi linapotangaza siku ya kuandikisha makurutu, vijana wetu hufika uwanjani alfajiri. Huja na kitambulisho, hati za shule, na nakala za vyote viwili. Hupimwa urefu na uzito, hukaguliwa meno na nyayo, huku wamebaki na kaptula mbele ya umati na mbele ya kamera za magazeti. Huulizwa baba ni nani, mama ni nani, wametoka kata gani. Jioni wachache huchukuliwa na walio wengi hurudi nyumbani. Kijana hurudi, je, yale aliyoyasema juu yake na juu ya wazazi wake hurudi naye? Nani anayatunza, kwa muda gani, na kwa kazi gani? Mama wa kijana huyo hajawahi kuambiwa, wala hajui kwamba anayo haki ya kuuliza.

Tukiuliza, jibu tunalolitazamia ni moja, nalo ni kongwe: hiyo ni siri ya jeshi. Sisi tuliosomea sheria tunasema jibu hilo halitoshi, na tunaomba msomaji atuvumilie tupitie maandishi yenyewe, maana haki nyingi za wananchi hupotea kwa sababu hakuna aliyefungua kitabu.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwa ni pamoja na haki ya kutotakiwa kutoa habari za familia yake au mambo yake ya siri pasipo sababu ya lazima. Ni kweli kwamba Kifungu cha 24(5) kinaruhusu sheria kuipunguza haki hiyo kwa ajili ya majeshi. Lakini soma kinamtaja nani: kinawataja watu wanaotumikia Majeshi ya Ulinzi na Huduma ya Taifa ya Polisi. Kijana aliyekataliwa uwanjani hatumikii jeshi. Mjane wa askari hatumikii jeshi. Mchungaji aliyesimamishwa njiani na doria akaandikwa jina hatumikii jeshi. Katiba ilipotaka kumpunguzia mtu faragha yake ilimtaja askari, na haikumtaja mchungaji wa mbuzi. Tena hata kwa askari mwenyewe, orodha ya haki zinazoweza kupunguzwa katika kifungu hicho haikitaji Kifungu cha 35, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola na haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo zinazomdhuru.

Ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo inahesabu miongoni mwa habari nyeti hali ya afya ya mtu, asili yake ya kikabila, alama za mwili wake kama za vidole, mali yake, na hata majina ya wazazi, watoto na mwenzi wake. Yaani karibu kila kitu anachoulizwa kijana uwanjani. Na hapa ndipo penye mlango ambao wakubwa hupenda kupitia: kifungu cha 51 kinasema kwamba kazi ya kushughulikia data haibanwi na sheria hiyo iwapo ni ya lazima kwa usalama wa taifa au kwa manufaa ya umma. Kanuni za mwaka 2021 zikaupanua mlango huo, zikavihesabu vyombo vitatu vya usalama, yaani jeshi, ujasusi na polisi, kuwa ndani ya msamaha huo vinapotimiza kazi zao.

Wengi huishia hapo. Kifungu hicho hicho cha 51 kina sehemu ya kwanza, na haikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Inasema kwamba hakuna msamaha wowote unaomwondolea mwenye kutunza data wajibu wa kuishika kwa njia ya halali, kukusanya kile tu kinachohitajika, kuhakikisha ni sahihi, na kuilinda isiibiwe wala kuvuja. Jeshi nalo linabanwa na hayo manne. Halina ruhusa ya kukusanya kwa sababu tu huenda siku moja kitu kikafaa, wala la kuacha nakala za vitambulisho vya vijana mia tano katika sanduku lisilo na kufuli. Na neno «lazima» katika sheria lina uzito wake. Mpango wa kulinda mpaka ni usalama wa taifa. Cheti cha shule cha kijana wa Ngaremara aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya meno mabovu, tungependa kusikia mahakamani jinsi kinavyolinda mpaka.

Mtu wa kusini atauliza kwa nini tunajisumbua na karatasi wakati tuna ukame na wizi wa mifugo. Atusamehe, hakuishi huku. Wazee wetu waliishi chini ya sheria za wilaya zilizofungwa, ambapo kutoka na kuingia kaskazini kulihitaji kibali, na Isiolo ndiyo iliyokuwa lango. Kisha vikaja vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967. Kanuni za hali ya hatari za mwaka 1966 ziliuhusu Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya zinazopakana nao, Isiolo ikiwamo. Mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, iliyowafungia wananchi mlango wa kudai fidia kwa yale maofisa wa serikali waliyotenda katika sehemu hizi kati ya Desemba 25, 1963 na Desemba 1, 1967. Zile kanuni za hatari hazikufutwa hadi mwaka 1991, mwaka ule ule kifungu cha 2A kilipofutwa na vyama vingi vikarudi. Wakenya wengine walikuwa wakishangilia vyama. Huku kaskazini watu walikuwa pia wakishangilia kuondokewa na hali ya hatari. Na hata Februari 2025, ndipo Rais alipotangaza huko Wajir kwamba utaratibu wa kuwachuja vijana wa kaskazini kabla ya kuwapa vitambulisho umekwisha. Ukiishi kwa miaka mingi ukiwa jina katika orodha ya mtu mwingine, hujifunza kuuliza orodha hiyo imewekwa wapi.

Tena faili huweza kufichwa mbali kuliko tunavyodhani. Wakoloni walipoondoka mwaka 1963 walisafirisha faili zao za Kenya kwenda Uingereza, na kwa karibu miaka hamsini zilikaa pasipo kutajwa. Ni wazee wa Mau Mau, walipoishtaki serikali ya Uingereza huko London, waliolazimisha ikiri mwaka 2011 kwamba faili 1,500 hivi zilikuwa zimewekwa Hanslope Park. Mwaka 2013 wazee 5,228 walikubaliwa fidia ya pauni milioni 19.9. Maandishi ya wale waliowatesa yalikuwa sehemu ya ushahidi. Kwa hiyo tusidhani kwamba kila faili ni adui wa mnyonge. Faili iliyotunzwa vizuri na kufunguliwa kwa wakati humtetea. Iliyofichwa au iliyochomwa humzika mara ya pili.

Jambo hili si ndoto za mawakili. Huko Marekani, Januari 1970, aliyekuwa kapteni wa jeshi, Christopher Pyle, alifichua kwamba jeshi lilikuwa likiwapeleleza raia waliokuwa wakifanya siasa kwa amani na kuwafungulia faili. Seneti ikasikiliza mashahidi, kelele zikapigwa, na mwaka 1974 ikapitishwa Sheria ya Faragha. Sheria hiyo inaitaka kila idara ya serikali, Wizara ya Ulinzi ikiwamo, itangaze hadharani ni mafungu gani ya rekodi za watu inayo na kwa kazi gani, na imruhusu mtu kuiona rekodi yake na kuomba isahihishwe. Ina misamaha yake, nayo hutumiwa vibaya mara nyingi. Lakini angalau mwananchi anajua kabati lipo na lina jina gani. Nchi hiyo hiyo ilijifunza somo jingine Julai 12, 1973, moto ulipoteketeza faili kati ya milioni 16 na 18 za waliokuwa askari, huko karibu na St. Louis. Wazee waliopigana vita wakabaki wakihangaika kuthibitisha kwamba waliwahi kuvaa sare. Kulinda rekodi ni kuzilinda na mdaku, na pia kuzilinda na moto, mchwa na maji ya mvua.

Wakristo wanaotusoma wanaikumbuka habari ya Mfalme Daudi katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 24. Mfalme aliamuru watu wahesabiwe, na aliyetumwa alikuwa Yoabu, jemadari wa jeshi. Wahubiri wataeleza dhambi ya mfalme. Sisi hutuvuta jambo dogo zaidi: Yoabu mwenyewe aliuliza sababu ya kuhesabu, na hakupewa. Alizunguka nchi miezi tisa na siku ishirini akiandika hesabu ambayo hakuna aliyemwambia ni ya nini, na tauni iliyofuata iliwaua watu ambao hawakuwa wametoa amri yoyote.

Tusiwasahau askari wenyewe, maana ni wana wetu. Januari 15, 2016 kambi ya majeshi yetu huko El Adde, Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab. Ndugu wa waliokufa walingoja miili itambuliwe kwa vipimo vya DNA, na hadi leo serikali haijawatangazia Wakenya hesabu kamili ya waliopotea. Hapa siri ya jeshi ilifanya kazi kinyumenyume. Mzazi anayetoa damu yake ili mwanawe atambuliwe ana haki ya kujua sampuli ile imefanywa nini baada ya mazishi, na ana haki ya kujua mwanawe alikufaje. Faragha ni ya mwenye jina na jamaa zake. Haikuwekwa iwe pazia la ofisi.

Na kwa kuwa tunadai wengine wawe safi, na tujikague. Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba majina yao yalikuwa yameandikishwa katika vyama vya siasa ambavyo hawakujiunga navyo, na wakapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Waliofanya hivyo hawakuwa wanajeshi; walikuwa watu wa siasa, wengine wakijiita wanamageuzi. Karatasi za sahihi tunazozungusha baada ya ibada, zenye nambari za vitambulisho na za simu, zinaishia wapi? Parokia zetu nazo zina vitabu vya ubatizo na ndoa, na kwa familia nyingi za hapa hicho ndicho cheti pekee kinachoonyesha mtoto alizaliwa lini. Afisa wa usalama akija kukiomba kitabu, katekista asikitoe kwa heshima ya sare. Aulize amri ya mahakama, aandike siku na jina, na ampigie padri au mchungaji wake.

Februari 2025 vyombo vya usalama vilianza katika Isiolo na Marsabit operesheni ya pamoja iliyoitwa Ondoa Jangili. Hatupingi majangili kuondolewa. Sisi ndio tunaoibiwa. Tunadai tu kwamba katika operesheni yoyote, jina la mtu likiandikwa, aambiwe limeandikwa na nani na kwa nini, na asipokuwa na kosa lifutwe.

Kwa hiyo tunawahimiza vijana waliopeleka karatasi zao uwanjani, na familia za askari, waandike barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakubali maombi ya Kiswahili sawa na ya Kiingereza, na kuyapeleka hakulipiwi, isipokuwa gharama ya nakala. Asiyejua kuandika asibaki nyuma, kwani ofisa wa habari anawajibika kumsaidia na kuyatia maneno yake katika maandishi. Barua iende kwa Katibu wa Wizara ya Ulinzi. Iseme jina lako, siku na uwanja ulipojiandikisha, na mambo matatu unayoyataka: nakala ya kila rekodi yako iliyopo, kazi inayofanyiwa, na siku itakayoharibiwa. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wizara ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, sheria inahesabu kwamba imekataa, na kuanzia hapo una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman. Jibu likija, hata likiwa la kukataa, lileteni kwetu. Tukipata kumi tu yenye maneno «usalama wa taifa» juu ya vyeti vya shule, tutakuwa na la kumwonyesha jaji.