Karafuu Nayo Ilikuwa Halali

Katika vikao vyetu vya mashairi hapa Unguja imezuka hoja ambayo kila anayeisimamia hujiona amekwisha kuvua ushamba. Hoja yenyewe ni kwamba bangi ihalalishwe. Ukiichuja sababu yake hukuti mtu ndani, ni pesa tupu: dola zitakazoingia, kodi itakayokusanywa, mkulima atakayetajirika. Nimeisikia kwa nathari na nimeisikia kwa tarbia, na mara ya mwisho ilighaniwa kwa sauti nzuri kiasi cha watu kupiga makofi kabla ya kibwagizo.

Vikao vitatu nimenyamaza. Leo nasema, na ninalolisema sikulipata kitabuni wala barazani. Nililipata kando ya barabara katika wilaya ya Chemba, nikiwa nimekalia begi langu.

Nilikuwa nakwenda Kondoa kwenye hitma ya rafiki niliyesoma naye skuli. Nilipanda boti hadi Dar es Salaam, treni ya umeme hadi Dodoma, na kutoka hapo Noah ya abiria iliyojazwa kama kawaida ya Noah. Waliopita njia ile zama za vumbi na makorongo husimulia safari ya siku nzima na mifupa kuteguka. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na sasa abiria husinzia. Usingizi wangu ulikatizwa na mvuke. Mpira wa rejeta umepasuka, gari limechemsha, nasi tukateremka hatujafika Chemba, pahala penye mbuyu mmoja, shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa, na kibanda cha muuza maji.

Gari likiharibika, msomaji, kila abiria huwa fundi. Mmoja alisema ni pampu ya maji. Wa pili akasema feni. Wa tatu, ambaye baadaye tuligundua kuwa hajapata kumiliki hata baiskeli, alitoa hotuba juu ya magari yanayonunuliwa yakiwa yamekwisha kuchoka huko Japani. Nami sikukosa la kusema. Aliyetia mkono ndani ni utingo, kijana asiyetamka neno, na mvuke ukamuunguza mpaka kwenye kifundo. Tukampa pole, kisha tukaendelea na maoni yetu.

Dereva akamtuma mtu wa bodaboda akatafute mpira Chemba mjini, nasi tukahamia kivulini. Hapo ndipo alipoanza kijana mmoja mwanachuo, hodari wa maneno, wa aina ile ambayo ingelikuwa nyota ya vikao vyetu. Alianza na mzaha: kwamba Malawi bangi huitwa chamba, na sisi tumekwama Chemba, basi ishara hiyo! Watu wakacheka, nami nilicheka. (Sisi wa pwani tusijifanye wageni wa jani hilo, neno bangi lenyewe ni la Wahindi na Waajemi, na lilitufikia kwa njia ya bahari kama mengi tunayojivunia.) Kisha akaingia katika hoja. Canada imeruhusu tangu 2018. Malawi imepitisha sheria mwaka 2020. Hapo hapo Dodoma, ndani ya Bunge, mwaka 2019 wabunge walisimama wakataka bangi iangaliwe kama zao. Na nchi hii ya katikati ni kame, mvua zake ni za kubahatisha, mkulima anahangaika na uwele na ufuta. Mpeni zao lenye bei!

Alikuwapo mzee mmoja wa Kirangi, kofia ya kazi kichwani, fimbo mapajani, amesikiliza muda wote bila ya kuinua uso. Akauliza kwa upole:

“Mwanangu, hiyo sheria ikija, mjukuu wangu atatoka?”

Kijana hakuelewa. Mzee akaeleza kwa maneno machache. Mjukuu wake alikamatwa akirudi mnadani, na mfukoni mwake mna misokoto. Huu ni mwaka wa pili yumo gerezani. Ng'ombe wawili wameuzwa kuifuata kesi, na mama yake kijana hasemi tena na watu.

“Mzee wangu,” akajibu mwanachuo, naye kwa adabu zote, “sheria hairudi nyuma. Hii ni kwa ajili ya zao.”

“Basi ni sheria ya nani?”

Nimetembea na swali hilo toka siku ile, na ndilo ninalowatupia wenzangu wa vikaoni. Ni sheria ya nani? Nyinyi mnaohesabu dola, mnamhesabia nani?

Tuitazame hiyo Malawi inayotajwa kila mara. Sheria ya 2020 iliruhusu kilimo kwa ajili ya dawa na viwanda, kwa leseni. Lakini chamba ya asili, ile waliyoijua wakulima wenyewe kizazi baada ya kizazi, na ambayo ndiyo iliyoipa nchi sifa yake duniani, ilibaki nje ya ruhusa. Mkulima akaambiwa apande mbegu ngeni, anunue kwa wenye leseni, awauzie hao hao. Mwaka 2021 wizara ikamwandikia Mike Tyson, bondia wa Marekani, kumwomba awe balozi wa zao hilo. Ilibidi Bunge lirejee tena katika jambo hilo mwaka 2024 ili chamba ya wenyeji ifikiriwe. Lesotho nayo, nchi ya kwanza Afrika kutoa leseni, mwaka 2017: watu wa milimani walikuwa wakilima na kuuza jani hilo tangu enzi za mababu, na ruhusa ilipokuja ilikuja na ada ambayo mwenye kishamba cha mlimani hakuweza hata kuiota. Makampuni ya kigeni yakaingia. Mlimaji wa zamani akabaki mhalifu vile vile, na sasa ana jirani mwenye ua wa umeme.

Mtu wa Unguja na Pemba hana haja ya kwenda Malawi kujifunza hayo. Karafuu ilikuwa halali. Hakuna aliyepata kuitia katika orodha ya ulevi, na ni dawa ya jino, kiungo cha pilau na manukato. Lakini aliyeupanda mkarafuu, akaupalilia, akaukwea na kuuchuma kwa hatari ya kiuno chake, hakuwa na ruhusa ya kumuuzia amtakaye, na hana mpaka leo: mnunuzi kwa sheria ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa. Aliyechukua magunia yake mwenyewe usiku, akashuka bandari bubu ya Pemba na kuvuka kwenda Kenya kwenye bei nzuri zaidi, aliitwa mla magendo. Kikosi kizima cha baharini kikapewa jina la Kuzuia Magendo. Na katika miaka ile ya mwanzo baada ya 1964 sheria ilifika mpaka ya kutaja kifo kwa kosa la karafuu. Karafuu, jamani! Haki nayo isemwe: tangu 2011 Serikali iliahidi kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya dunia, na tamaa ya magendo ikapungua. Lakini kabla ya hapo wazee wetu waliishi miongo mingi na zao halali lililowafanya wanyemelee kama wezi katika mashamba yao.

Kwa hiyo mtu wa visiwa hivi anaponiambia kwamba kuhalalisha zao ni kumtoa mkulima mikononi mwa polisi, nashindwa kujua kama amesahau au anatania. Ruhusa ya biashara huondoa kosa moja na kuzaa mengine: kulima bila ya leseni, kuuza nje ya mnunuzi aliyepangwa, kuweka mbegu isiyosajiliwa. Na wa kukamatwa kwa makosa hayo mapya ni yule yule mwenye jembe la mkono.

Nao watu wa nchi ile ya katikati wana kumbukumbu zao za mazao ya kutajirisha. Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma, Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta yaliyobaki vitani ili waijaze dunia mafuta ya karanga. Walipovunja mradi mwaka 1951 walikuwa wametumia zaidi ya pauni milioni 30, na udongo umewashinda, ukikauka ni kama saruji. Hayo ni ya zamani. Ya juzi ni mbaazi. Wakulima walihimizwa mbaazi, wakapanda mbaazi, India ikanunua. Mwezi wa Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha kuagiza ili kuwalinda wakulima wake, na bei huku kwetu ikaporomoka mpaka watu wakaona si hasara kuiacha shambani. Mzee wa Kirangi aliniambia magunia yake ya mwaka ule yaliliwa na wadudu. Hakuyasema kwa uchungu. Aliyasema kama mtu anavyotaja mvua iliyokosekana.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana najua watakavyoniruka. Watasema huyu anataka vijana waachiwe wavute. Hukumu ya dini juu ya kileo inajulikana na mimi si wa kuigusa. Wala sisemi kwamba jani lile halidhuru. Nimewaona walioharibikiwa akili, na ndugu zao wamehangaika kuwapeleka Mirembe na kuwarudisha. Ninachosema ni kwamba jela haijampa akili hata mmoja wao. Na la kustaajabisha ni kuwa jambo hili tumekwisha kulikubali kwa ulevi mzito zaidi. Mwaka 2011 Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni. Kisha huduma hiyo ikafika Kidongo Chekundu hapa kwetu, na Dodoma pia. Mraibu wa unga tumemwita mgonjwa, anapanga foleni asubuhi, ananywa dozi yake mbele ya muuguzi, anakwenda zake. Hilo ni jema na ninalisifu. Basi kwa akili gani aliyechomwa na unga awe mgonjwa, na aliyekutwa na misokoto ya bangi awe mfungwa?

Sheria ya Bara ya 2015, iliyokazwa zaidi mwaka 2017, inaweka miaka 30 kwa biashara na usafirishaji. Kwa mtumiaji ni nafuu kuliko hapo, lakini kifungo kimo, na kati ya mtumiaji na mfanyabiashara pana uzi mwembamba ambao mwenye wakili huuona na asiyekuwa naye hauoni. Hapo ndipo pa kuanzia. Ondoeni jela kwa anayekutwa na kidogo chake. Anayedhurika apelekwe kwa mganga. Asiyedhuru mtu aachwe na Mola wake na wazee wake. Waliomo ndani kwa kosa hilo watazamwe upya, na sheria irudi nyuma kwa ajili yao, kwani imetungwa na watu na watu wanaweza kuirudisha. Hayo yote hayahitaji leseni hata moja, wala mwekezaji, wala bondia.

Afrika Kusini ilianzia huko. Gareth Prince, Mrasta aliyesomea sheria na kukataliwa kusajiliwa uwakili kwa sababu alisema wazi kuwa havui imani yake na jani lake, alishindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2002 kwa majaji watano dhidi ya wanne. Hakuchoka. Mwezi wa Septemba 2018 mahakama hiyo hiyo, safari hii kwa kauli moja, ilisema mtu mzima asiadhibiwe kwa anachotumia faraghani. Biashara haikuguswa. Mtu unaweza kuipinga hukumu ile, na wapo wanaoipinga kwa hoja nzito, lakini usidai kwamba haikumwona mtu.

Mashairi yetu yamwone pia. Washairi wa pwani wamekuwa wakijibizana kwa karne nyingi, na katika kujibizana huko ilikuwa aibu kukwepa fumbo la mwenzio. Fumbo limetolewa, na aliyelitoa hajui mizani wala vina.

Mpira ulifika baada ya saa mbili na nusu, si wa gari lile bali wa kulazimishwa, ukafungwa kwa waya. Utingo alikuwa amejifunga mkono kwa kitambaa, na ndiye aliyeufunga, kwani dereva alisema mikono yake ni mikubwa, haipenyi. Mwanachuo alishuka njiani. Mzee alishuka Kondoa pamoja nami, akaniuliza kama kweli mimi ni mtu wa magazeti, nikamwambia huandika mara moja moja. Akanitajia jina la mjukuu wake, akalirudia mara mbili ili nisilikosee. Sitaliweka hapa. Ila kikao kijacho nitakuwapo, na kabla ya mtu yeyote kufungua hesabu ya dola nitaomba nijibiwe kama huyo kijana atatoka.