Aliyekaa Nyumbani Naye Amesema

Kushindwa ni mwalimu mkali, lakini ni mwalimu. Hufunza bila ya kuombwa, wala hachagui mwanafunzi: leo humfunza mkimbiaji uwanjani, kesho mchuuzi sokoni, na siku ya uchaguzi huwafunza wakuu wa nchi. Tofauti kati ya mwenye busara na asiye nayo haionekani siku ya ushindi, maana siku hiyo wote hucheka sawasawa. Huonekana siku ya kushindwa. Mmoja hujiuliza, "Nimekosa wapi?" Wa pili huuliza, "Nani amenikosesha?"

Nataka, msomaji, tuyatazame maswali haya mawili katika mambo ya Afrika ya Kusini na chama chake cha ANC. Sikuichagua nchi hiyo kwa kuwa ni mbaya kupita nyingine. Nimeichagua kwa kuwa kura zake huhesabiwa mbele ya macho ya watu, na kwa hiyo somo lake husomeka waziwazi.

Chama cha ANC kilianzishwa mwaka 1912. Kilipigana na ubaguzi wa rangi kwa miaka mingi. Viongozi wake wengine walifungwa, wengine waliuawa, na wengine walikimbilia nchi za mbali. Tanzania iliwapa makao, na mjini Morogoro ndiko walikofanya mkutano wao mashuhuri wa mwaka 1969. Mwaka 1994 chama hicho kilishika serikali chini ya Nelson Mandela. Chama chenye historia ya namna hii hupendwa kama mzazi. Lakini mapenzi hayo yana hatari yake: apendwaye sana huanza kudhani kuwa kupendwa ni mali yake, wala si amana aliyowekewa. Rais Jacob Zuma alisema hadharani, tena si mara moja, kwamba chama chake kitatawala mpaka Yesu atakaporudi. Mwenye kusema hivyo amekwisha kusahau kwamba kati yake na siku hiyo ya kiyama kuna siku nyingine ndogo, nayo ni siku ya kupiga kura.

Siku hiyo ilikuja tarehe 3 Agosti 2016. Ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa, na watu wengi huudharau uchaguzi wa aina hiyo, wakidhani kuwa ni mdogo. Sivyo. Mwananchi hukutana na bunge katika gazeti, lakini hukutana na baraza la mji wake kila anapofungua bomba la maji, kila anapopita penye jalala lisilozolewa, na kila gurudumu la basi linapotumbukia katika shimo la barabara. Afrika ya Kusini ina serikali za mitaa 257, na hizo ndizo uso wa serikali unaoonekana mlangoni.

Kabla ya uchaguzi huo watu walikuwa wameona mambo. Fedha nyingi za umma zilikuwa zimetumika katika nyumba ya Rais kijijini Nkandla. Mwaka 2015 waziri wa polisi alisimama mbele ya taifa akaeleza kwamba bwawa la kuogelea lililojengwa huko lilikuwa ni la kuzimia moto. Tarehe 31 Machi 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa Rais hakuitii katiba. Siku chache baadaye jambo lililetwa bungeni ili Rais aondolewe, na wabunge 233 walimkinga dhidi ya 143. Wananchi walitazama, wakanyamaza, wakangoja.

Matokeo yalipotoka, chama kilichopata kura 62 katika kila 100 mwaka 2011 kilipata 54. Kwa hesabu ya nchi nzima kilikuwa kimeshinda bado, lakini miji mikubwa ilikiponyoka. Pretoria, mji mkuu wa serikali, ulikwenda. Johannesburg, mji wa dhahabu, ulikwenda. Hata mji uliopewa jina la Nelson Mandela mwenyewe, wa Nelson Mandela Bay, ulimpata meya wa chama cha upinzani cha DA. Haki yao tuwape: ANC walikubali matokeo na kuyakabidhi mabaraza kwa amani. Hilo si jambo dogo katika ulimwengu huu.

Lakini kukabidhi ufunguo ni jambo moja, na kuelewa kwa nini umenyang'anywa nyumba ni jambo la pili. Halmashauri kuu ya chama ilikutana mwezi huo huo. Ilikiri kwamba watu wanakiona chama kuwa na majivuno, kuwa mbali nao, na kulegea mbele ya ufisadi. Hayo yalikuwa maneno ya kweli. Kisha ikatangaza kuwa dhamana ya kushindwa ni ya wote pamoja. Hapo, msomaji, ndipo nisipoweza kunyamaza. Lawama ya wote ni lawama isiyo na mwenyewe. Chungu kikivunjwa na watu kumi, kila mmoja hushika kigae kimoja na kusema, "Mimi nimevunja hiki tu." Hakuna aliyeacha kiti chake kwa sababu ya uchaguzi ule, na Zuma aliendelea kuwa Rais mpaka Februari 2018.

Tena likaja neno lililopendwa kuliko yote, nalo lilirudiwa kwa nguvu zaidi miaka mitano baadaye: kwamba wafuasi wa chama hawakuhama, bali walikaa nyumbani tu. Neno hili ni tamu mdomoni mwa aliyeshindwa. Maana yake ni kwamba mapenzi yangalipo, ila mpenzi amelala. Hana haja ya kubembelezwa. Anataka kuamshwa tu siku ya uchaguzi ujao, kwa fulana na ngoma.

Nalipinga neno hilo kwa sababu tatu.

Kwanza, mtu hakai nyumbani bila ya sababu. Aliyesimama katika mstari mrefu mwaka 1994, juani, kwa furaha ya kupiga kura ya kwanza katika maisha yake, hawezi kuwa mvivu wa kura. Akiacha kwenda, kuna kitu kilichomvunja miguu. Mwezi wa Juni 2021 mdhibiti mkuu wa hesabu alitoa taarifa ya mwaka wa fedha uliotangulia: katika zile serikali za mitaa 257, ni 27 tu zilizokuwa na hesabu safi kabisa. Na katika siku za mwisho za kampeni za mwaka huo umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu, watu wakisikiliza ahadi za mwanga wakiwa gizani. Aliyekaa nyumbani naye amesema. Amesema kwa ulimi wa kimya, na kimya kina maneno yake kwa mwenye masikio.

Pili, neno hilo humgeuza raia kuwa mali. Tazama linavyosemwa: "wafuasi wetu", "watu wetu". Husemwa pia kwamba watu hawana shukrani, wamesahau aliyewakomboa. Shukrani ni jambo jema, lakini shukrani si hati ya kumiliki shamba. Daktari aliyekuponya utotoni anastahili heshima yako mpaka kufa; hastahili kuachiwa mfuko wako auchukue atakavyo. Na mtoto aliyezaliwa mwaka 1994 alikuwa mtu mzima wa miaka 27 mwaka 2021. Yeye hakuonja kifungo, ila ameonja kukosa kazi. Ukimwambia habari za Robben Island atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuuliza maji yatatoka lini.

Tatu, na hii ndiyo hoja kubwa, neno hilo limekanushwa na hesabu. Tarehe 1 Novemba 2021 watu milioni 26 walikuwa wameandikishwa, na waliokwenda kupiga kura hawakutimia nusu yao. ANC ilipata kura 46 hivi katika kila 100. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1994 kushuka chini ya nusu katika uchaguzi wa nchi nzima. Johannesburg, Pretoria na Ekurhuleni zote zilipata mameya wa DA. Nakubali jambo moja: DA nao walishuka, kutoka 27 hata karibu 22. Kwa hiyo ni kweli kwamba wengi walioiacha ANC hawakwenda kwa DA. Wakuu wa chama walilishika jambo hilo kama mtu anayezama ashikavyo jani. Walisema, "Watakapotoka nyumbani, watarudi kwetu."

Basi walitoka. Katika uchaguzi wa bunge wa tarehe 29 Mei 2024 waliopiga kura walikuwa zaidi ya 58 katika kila 100 walioandikishwa, kiasi kile kile cha mwaka 2016. Mwaka 2016 kiasi hicho kiliipa ANC kura 54 katika kila 100. Mwaka 2024 kiliipa 40. Milango ilifunguliwa, watu wakatoka, wakapita mbele ya nyumba ya mzazi, na wengi hawakubisha hodi. Chama kikalazimika kutawala pamoja na wengine, wakiwamo DA waliokuwa wapinzani wake wakubwa.

Atakayenipinga atasema kwamba uchaguzi wa bunge si uchaguzi wa mitaa, na kwamba mwaka 2024 Zuma huyo huyo alikuja na chama kipya cha MK, akachukua zaidi ya kura 14 katika kila 100. Ni kweli yote mawili. Lakini mvuvi hapati samaki mahali pasipo na samaki. Chama kipya kilichoundwa mwishoni mwa mwaka 2023 kisingalipata umati kwa miezi michache kama umati huo haukuwa umekwisha kuachwa nje ya mlango. Wala usisahau ni nani aliyemlea Zuma, nani aliyemkinga bungeni, na nani aliyesema kuwa dhamana ni ya wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta: ufa ulionekana 2016, ukaonekana tena 2021, na ukuta ulianguka 2024.

Wala usidhani kwamba naandika haya ili kuwasifu waliopokea ufunguo. Mjini Johannesburg, kati ya Novemba 2021 na Mei 2023, kiti cha meya kilikaliwa na watu wanne mbalimbali, vyama vikiungana asubuhi na kutengana jioni. Mashimo ya barabara hayajui jina la chama, na mgonjwa hapati nafuu kwa kubadilishiwa daktari kila mwezi. Asiyejifunza kwa kushindwa kwa mwenzake atajifunza kwa kushindwa kwake mwenyewe.

Sasa nakurudia wewe, kijana usomaye. Kwetu Kenya, tangu mwaka 2013, zahanati, maji, masoko na barabara nyingi za vijijini zimo mikononi mwa kaunti. Utakapotimiza miaka 18 utaulizwa neno lako katika mambo hayo. Nimesema kwamba aliyekaa nyumbani naye amesema, wala silirudishi neno langu. Lakini naongeza hili: aliyesema kwa kimya amemwachia mtu mwingine kazi ya kuyafasiri maneno yake. Na katika habari hii umeona ni nani aliyejipa kazi hiyo. Ni yule yule aliyekuwa akishtakiwa! Mshtakiwa alikichukua kimya cha mshtaki wake, akakifasiri kuwa ni mapenzi. Basi usimpe mtu nafasi hiyo. Ukiwa na hasira, ipeleke kituoni uiandike katika karatasi ya kura, ili isomwe na kuhesabiwa bila ya mkalimani.

Na kama siku moja wewe utakuwa kiongozi, wa darasa, wa chama cha ushirika au wa taifa, ukashindwa, fanya hivi. Usihesabu kwanza maadui zako. Usiwalaumu magazeti wala mvua. Usiseme kuwa watu wako wamelala. Keti, ulitazame jina lako katika orodha ya walioshindwa, kisha ujiulize lile swali la mwenye busara: "Nimekosa wapi?" Swali hilo linachoma, lakini kuchoma kwake ni kwa dawa juu ya kidonda. Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika nchi ya kura mkuu ni mmoja tu, naye ni mwananchi, asemapo kwa sauti na asemapo kwa kimya.