Kocha Amwaga Unga Leo, Kesho Apewa Kibaba Kingine

Kandanda ya siku hizi imezua ada ambayo wazee wetu hawakuijua katika kazi yoyote ya maana. Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, kocha hupigwa kalamu. Kabla hajafungua mizigo yake nyumbani, timu nyingine iliyo taabani imekwisha kumwita, naye amekwisha kutia sahihi. Aliyekuwa hafai kwa jirani siku ya Jumatatu, kwetu huwa mkombozi siku ya Ijumaa.

Vijana wa Ukunda na Diani, ambao baada ya sala ya Isha hukusanyika kutazama ligi ya Uingereza, wamezoea kulicheka jambo hili. Mwezi wa Septemba 2025 Nottingham Forest ilimfukuza Nuno Espírito Santo, na mwezi haukwisha kabla West Ham haijamwajiri. Mahali pake Forest ikamweka Ange Postecoglou, ambaye Tottenham walikuwa wamemfuta kazi mwezi wa Juni. Naye alidumu siku 39 tu. Vijana wakacheka sana. Lakini tusicheke ya jirani na yetu yanatungoja mlangoni.

MZUNGUKO WA KWETU

Chukueni mwaka 2013. Mwezi wa Aprili, Rwanda ilimfuta kazi Mserbia Milutin Sredojević, ambaye mashabiki humwita Micho. Mwezi huo huo Uganda nayo ikamfuta Bobby Williamson wa Scotland. Mwezi wa Mei Uganda ikamchukua Micho. Mwezi wa Julai Gor Mahia, iliyokuwa imeachwa na Zdravko Logarušić wa Kroatia, ikamchukua Williamson. Mwezi wa Disemba Logarušić akaajiriwa na Simba ya Dar es Salaam. Agosti 2014 Simba ikamfukuza, na mwaka 2015 alikuwa yuko Nairobi tena, safari hii akiwafunza AFC Leopards. Agosti hiyo hiyo ya 2014 Kenya ilimfuta Adel Amrouche baada ya Harambee Stars kutolewa na Lesotho, ikamtwaa Williamson kutoka Gor. Februari 2016 Williamson naye akamwaga unga.

Sasa tazameni matunda. Micho, aliyeonekana hafai Kigali, aliipeleka Uganda kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2017, mara ya kwanza tangu 1978. Williamson, aliyeonekana hafai Kampala, aliipa Gor Mahia ubingwa wa 2013, ubingwa uliokuwa umewakimbia tangu 1995. Basi ikiwa ugonjwa ulikuwa ni kocha, mbona alipohama hakuhama nao?

Atatokea mtu aseme kwamba hapo mwandishi amejifunga mwenyewe, kwani Uganda ilifaidika kwa kubadilisha kocha. Naam, ilifaidika, lakini ilimpa Micho miaka minne. Na Williamson aliingia katika shamba lililokwisha kupaliliwa: mwaka 2012, chini ya Logarušić, Gor iliukosa ubingwa siku ya mwisho kabisa ya ligi. Kilichozaa matunda ni muda na matayarisho. Kalamu haikuzaa kitu.

NAHODHA NA MSIMU WAKE

Sisi watu wa pwani ya kusini hatuna haja ya kufunzwa jambo hili na mtu. Nenda Gazi, Msambweni, Shimoni au Vanga, umwulize mwenye chombo. Atakwambia kwamba nahodha hupimwa kwa msimu, wala hanyang'anywi usukani katikati ya mkondo kwa sababu wimbi moja limeingiza maji. Na chombo kikivuja, mwenye akili hatafuti nahodha mpya; hukipandisha pwani, akamwita fundi akikalafati na kukitia deheni. Ndiyo maana wahenga wakasema, nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Chombo chetu cha taifa je? Tangu Amrouche aliyeshika kazi mwaka 2013 hadi Benni McCarthy wa Afrika Kusini aliyeishika Machi 2025, wamepita Williamson, Stanley Okumbi, Paul Put, Sébastien Migné, Francis Kimanzi, Jacob Mulee na Engin Firat, wengine kwa kufutwa, wengine kwa kujiondokea. Hao ni watu tisa kwa miaka kumi na miwili. Kimanzi na Mulee walikuwa wamekwisha kuishika timu hiyo hiyo na kuondoka miaka ya nyuma. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wamekuja na mwenyeji bado yu kitandani.

Kufanya hivyo ni kama kumpunga pepo mtu mwenye malaria. Ngoma italia usiku kucha, watu watatoa fedha, na asubuhi homa itarudi pale pale.

Na fedha hizo si kidogo. Amrouche alipofutwa kabla mkataba wake haujesha, alishtaki, akashinda. Shirikisho la kandanda la Kenya likaamriwa limlipe zaidi ya shilingi milioni 100, na FIFA ikatishia kuiondoa Kenya katika michuano ya kufuzu Kombe la Dunia la 2022 iwapo haingelipa. Sisi tuliofunzwa chuoni tangu utotoni kwamba ahadi ni deni na kwamba kibarua ana haki ya ujira wake, hatuwezi kumlaumu kwa kudai chake. Wa kuulizwa ni waliotia sahihi kwa mkono wa kulia, wakaichana karatasi kwa mkono wa kushoto. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, fedha hizo zingenunua mipira mingapi kwa watoto wa Kinango na Lungalunga.

MLEZI WA KIJIJI

Kwale haina timu katika ligi kuu. Kijana wa kwetu mwenye kipaji huvuka kivuko cha Likoni akatafute bahati Bandari, timu ya Halmashauri ya Bandari. Huko nako kuna funzo. Bernard Mwalala alipoichukua Bandari mwaka 2018, timu ilimaliza ya pili katika ligi, ikawa ya pili tena msimu uliofuata, na mwaka 2019 ikatwaa ngao ya taifa kwa kuishinda Kariobangi Sharks. Timu ilipoanza kuteleza, Mwalala naye akaondoka. Tangu hapo benchi la Mbaraki limekaliwa na watu kadha wa kadha, na ngao ile haijarudi.

Linalonihuzunisha zaidi ni kwamba ada hii imeteremka hadi kwenye viwanja vyetu vya vumbi. Timu ya kijiji ikifungwa mara mbili, kamati hukutana chini ya mwembe na kumwondoa mwalimu wake, kisha ikamchukua aliyeondolewa na kijiji cha pili. Mwalimu huyo mara nyingi hana mshahara. Nauli hujilipia mwenyewe, na jezi hufua mkewe. Anamjua kijana aliyeacha shule, na anamjua yule aliyeanza kukaa na wavuta unga ufuoni. Kijana huja mazoezini kwa kumstahi yeye. Siku mwalimu anapoondolewa, timu hupata kocha mwingine, lakini kijana yule hapati mlezi mwingine. Hiyo ndiyo hasara ambayo haiandikwi katika jedwali la ligi.

Sisemi kwamba kocha asifutwe kamwe, la hasha. Mlevi, mla rushwa, au anayewatukana watoto wa watu na aondoke leo. Lakini anayefungwa kwa kuwa hana mipira wala uwanja, na wachezaji wake wamekuja na njaa, huyo ametendewa dhuluma. Ajabu ni kwamba kamati iliyomwajiri, ikamnyima vifaa, kisha ikamfukuza, yenyewe haipigwi kalamu. Mwenyekiti hukaa miaka kumi akizika makocha.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa wenye timu, kubwa na ndogo, ni huu. Mpeni kocha msimu mzima, mkataba uwe wa maandishi, hata kama ni karatasi moja ya daftari. Mkitaka kumwondoa, kamati isimame kwanza mbele ya wanachama ieleze ilimpa nini na ikamnyima nini. Na mkitaka kumchukua aliyefukuzwa kwingine, msitosheke na jina lake; waulizeni wachezaji aliowaacha wamejifunza nini kwake. Mashabiki nasi tujifunze kufungwa bila kutafuta mtu wa kumtoa kafara.

Wazee walipoona jahazi linakata maji hawakuuliza ni nani aliyelisukuma majini jana. Walijua limekaa pwani miezi mingi, likichongwa ubao kwa ubao na fundi ambaye hakuna aliyemharakisha. Ukiona vyaelea, vimeundwa.