Miguu Ikichoka, Usitafute Mulozi



Mwezi huu tuzungumze juu ya mupira. Munajua vile inapitaka: mechi imebakiza dakika kumi, kijana wetu mwenye mbio anafuata balo, gafula anashika paja kwa nyuma na kuanguka. Mbele hata wa kumubeba wafike, watu wamekwisha kusema: "Wamemutegea dawa!" Ekipi mbili zinaachana na uadui. Na wakati mwingine wakristo wa kanisa moja hawasalimiane tena.

Ndugu, Neno la Mungu linatukataza dawa za uganga. Lakini linatukataza vilevile kumushuhudia mwenzako uongo. Basi, mbele ya kutaja jina la mutu, tuangalie kwanza kitu gani kinapita ndani ya muguu.

Katika dakika 90, wachezaji wengi wa uwanja mukubwa wanakimbia kilometa 10 ao zaidi. Tena si kukimbia tu: ni kuanza mbio, kusimama gafula, kugeuka, kuruka. Nyama ya mbele ya paja inasukuma na kupiga balo. Nyama ya nyuma ya paja iko sawa freni: inashika muguu wakati unatupwa mbele. Na hiyo freni njo inaumia sana wakati uchovu unaingia.

Juu ya nini? Sukari ambayo mwili uliweka ndani ya nyama inakwisha. Maji na chumvi vinatoka na jasho. Nyuzi ndogo za nyama zinakatikakatika. Hata ubongo unapunguza amri yake kwa miguu. Moyo wa kijana unasema "twende", lakini freni haishike tena muzuri. Akitupa muguu kwa nguvu zote, nyama inapasuka.

Uchunguzi mumoja juu ya ekipi za Uingereza, uliotolewa mwaka 2004, ulionyesha kwamba karibu nusu ya maumivu ya nyuma ya paja katika mechi yalifika katika dakika 15 za mwisho za kipande cha kwanza na cha pili. Mulozi gani huyo mwenye kuangalia saa muzuri namna hii?

Hapa kwetu iko jambo lingine. Kijana ameshinda asubuhi yote ndani ya shimo, anabeba mifuko ya mawe. Mwingine ametoka poste ya usiku, hajalala. Saa tisa wanamuita uwanjani. Huyo anaanza mechi na miguu ya dakika ya 80! Na sisi wazazi tuko pembeni, tunapiga kelele: "Muvivu! Kimbia!"

Kumbukeni Musa katika Kutoka 17. Imani yake haikuisha, lakini mikono yake ililemea. Haruni na Huri hawakumutukana, hawakutafuta mwenye kumuloga. Walimuletea jiwe akae, wakashika mikono yake mpaka jua likashuka. Uchovu si zambi. Ni vile Mungu alituumba, na alitupa siku ya kupumuzika.

Basi, tufanye hivi:

1. Nyuma ya mechi nguvu, nyama inaweza kuomba siku 2 ao 3 mpaka nguvu irudie. Mechi siku ya posho na nyingine siku ya yenga, haifae.

2. Mutu asiyelala asianze mechi. Mufundishaji abadilishe wachezaji mapema. Hata ekipi kubwa za dunia ziliruhusiwa kubadilisha watu 5 tangu mwaka 2020, juu ya uchovu.

3. Kula bukari ao viazi vitamu saa tatu hivi mbele ya mechi, na kunywa maji safi.

4. Mara mbili kwa juma, piga magoti, mwenzako akushike visigino, kisha inama mbele polepole, mwili umenyooka, mpaka mikono iguse chini. Anza na mara chache. Zoezi hili limepunguza karibu nusu ya maumivu hayo kwa ekipi zilizolifuata.

5. Paja likipasuka, simama palepale. Weka kitambaa cha maji baridi. Usilikande kwa nguvu, usiweke maji moto, usichanje na wembe. Nenda kwa munganga wa hospitali. Usirudie uwanjani mpaka ukimbie bila maumivu.

Na wewe uliyekwisha kumusingizia mutu wa ekipi ingine, nenda kwake mbele ya Meza ya Bwana, umuombe musamaha. Paja linaweza kupona kwa juma chache. Jina la mutu lililochafuliwa linakawia zaidi.

Ulizo la kuzungumza nyumbani: katika jamaa yetu, nani amechoka na sisi tunamuita muvivu?

Mungu awape nguvu, na awape pia usingizi.