Gemu uliyolipia huenda si yako
Ukinunua gemu mtandaoni, mara nyingi hununui gemu bali ruhusa ya kuicheza. Aliyekupa akiifuta, unabaki mikono mitupu. Machi 31, 2024, kampuni ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari iliyotoka 2014. Hata wenye diski kabatini walifungiwa nje, maana haikuchezeka bila intaneti. California, Marekani, sasa ina sheria inayowataka wauzaji waseme wazi kuwa wanauza leseni tu. Kenya nayo iige. Diski inayocheza bila intaneti unaweza kumuuzia rafiki au kumwachia mdogo wako, leseni je? Basi kabla hujatuma pesa kwa simu, jiulize: seva zikizimwa kesho, nitabaki na nini?